Mkwe Wangu, Chembe za Angani na Kamati Yenu

Mwalimu (Mstaafu) Phelista Nekoye,
Nyuma ya Kiwanda cha Zamani cha Posho,
Bungoma.
Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kufadhili Utafiti wa Pamoja wa Vifaa vya Kunasa Chembe,
Nairobi.

KUH: KUKATALIWA KWA OMBI LETU, NA SABABU ZENU AMBAZO SIZIELEWI HATA NIKIZISOMA NIMESIMAMA

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa chai na umeketi vizuri, kwa sababu ni ndefu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umefura tangu Alhamisi, nilipofungua barua yako inayosema ombi letu la ufadhili limekataliwa na kwamba tuna siku kumi na nne za kukata rufaa. Basi hii ndiyo rufaa. Nimeiandika kwa adabu zote nilizo nazo, na zikiisha katikati ya barua utanisamehe.

Kwanza unijue. Nimefundisha fizikia katika shule za wasichana za kaunti hii kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka yote hiyo nilikuwa nachora chembe kwa chaki. Niliwaambia wasichana kwamba kila dakika kuna chembe ndogo zinazoshuka kutoka angani, zinapita kwenye mabati, zinapita vichwani mwetu, zinapita kitandani, na hakuna mtu anayezihisi. Wao waliniamini kwa sababu ya mtihani. Mimi, nikisema ukweli wa Mungu, niliamini kwa sababu ya kitabu. Sasa nimestaafu, nina kifaa, na chembe ikipita kifaa kinalia "ti". Siku niliyosikia hiyo "ti" ya kwanza nililia machozi mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Ombi letu lilikuwa la watu wawili. Mimi niko Bungoma, na kifaa changu kimekaa katika lile banda nililofugia kuku. Mwenzangu ni Muigai, fundi wa redio na televisheni mjini Kitale, mwenye diploma yake ya elektroniki, na kifaa chake kiko juu ya stoo ya mahindi ya baba yake. Kila kifaa ni kibamba cha plastiki maalumu kilichofungwa karatasi nyeusi. Chembe ikipita, plastiki inamulika kidogo sana, kihisi kinauona ule mwanga, na kompyuta ndogo inahesabu. Sasa, jua likirusha dhoruba kubwa angani, chembe zinazotufikia huku chini hupungua kwa siku moja au mbili. Sisi tunataka kuziona zikipungua Bungoma na Kitale kwa saa ile ile. Tukiweza hilo kwa vifaa vilivyotengenezwa na mikono yetu, tutajenga vikubwa zaidi kwa shule za Chwele, Misikhu na Malakisi, ili mwalimu mwingine asistaafu akiwa na chaki tu.

Lakini vile vihisi viwili si vyetu. Tuliviazima kwenye chuo alikosomea Muigai, na tarehe thelathini mwezi huu vinarudi. Bila pesa zenu hatuna vingine. Tarehe moja nitakuwa mwanamke mwenye banda la kuku lisilo na kuku wala sayansi. Hilo, Mheshimiwa, siwezi kulivumilia, na nalisema waziwazi.

Jambo la mwisho kabla ya malalamiko: huyu Muigai ni mkwe wangu. Ameoa kitinda mimba wangu, Edinah, huu ni mwaka wa sita. Na kwetu sisi Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hukaa mbalimbali kwa heshima. Hawapeani mikono. Hawakai chumba kimoja. Hawaonani wakila. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi. Wengi siku hizi wamelegeza, unawaona wamekumbatiana mbele ya supamaketi kama waliopotezana vitani. Mimi sijalegeza. Na Muigai, ambaye watu wao walitoka Mkoa wa Kati wakahamia Trans-Nzoia enzi za babu yake, alielezwa mila hii na wajomba wa Edinah wiki moja kabla ya harusi, akaiandika kwenye daftari, na tangu siku hiyo ameishika kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Siku ya harusi yenyewe alinisalimia akiwa nyuma ya hema.

Sasa malalamiko.

1. Fomu yenu iliuliza: "Elezeni uhusiano uliopo kati ya washirika." Mimi ni mwalimu, nikiulizwa swali najibu. Nikaandika: "Tunaheshimiana kiasi kwamba hatuwezi kuwa chumba kimoja." Mtathmini wenu wa kwanza akasoma hayo akaandika kwamba washirika wana "uhasama wa muda mrefu". Uhasama! Mheshimiwa, mtu ninayemchukia mimi namkaribisha sebuleni, namfungulia soda, nakaa namwangalia akinywa. Muigai namheshimu, ndiyo maana nikisikia sauti yake getini naingia stoo nafunga mlango. Mtathmini wa pili naye akaandika kwamba sisi ni jamaa, kwa hivyo "tuko karibu mno". Kwa hivyo katika barua moja, yenye mhuri mmoja, mimi na mkwe wangu tuko mbali mno na tuko karibu mno. Naomba hao watathmini wawili wakutanishwe, maana inaonekana wao ndio hawajawahi kuonana.

2. Nalalamikia mahojiano ya video. Mlituambia nyuso zote mbili lazima zionekane kwenye kioo kimoja. Swali likazuka hapa nyumbani: je, kioo cha simu ni chumba? Nikampigia Festus Mukhwana, katibu wa ukoo wetu, ambaye ana duka la misumari Misikhu. Aliomba siku mbili za kufikiria. Siku ya tatu akatoa uamuzi kwamba kioo ni chumba ikiwa nyuso mbili zimo ndani yake, lakini si chumba ikiwa uso mmoja umefunikwa. Muigai, kwa heshima, akaweka katoni ya mafuta ya kupikia mbele ya kamera yake. Mimi nikaona si vizuri kijana wa watu ajifunike peke yake kama mwizi, nikageuza simu yangu ikaangalia mabati. Kwa hivyo Kamati ilihoji katoni na paa kwa dakika arobaini, na tulijibu maswali yote, hata lile la voltiji. Mkatupa alama tatu kwa kumi kwa "kujitokeza kwa washirika". Mabati yale niliyalipia mwenyewe na hayana hata tundu moja, sijui mlitaka nini zaidi.

3. Nalalamikia ukaguzi. Mlimtuma afisa anayeitwa Bwana Kipruto, mtu mpole kabisa, na kamera yake shingoni. Tulikuwa tumejipanga vizuri. Mimi mlangoni pa banda, Muigai nyuma ya nyasi za ng'ombe, na Edinah katikati akipeleka maneno huku na kule. Muigai anataja hesabu ya Kitale, Edinah anakuja kuniambia, mimi nataja ya Bungoma, Edinah anarudi. Kazi ilikuwa inakwenda sawasawa. Mara Bwana Kipruto akasema ati anataka picha ya washirika wawili wameshika kifaa pamoja, mmoja huku na mwingine kule, wakitabasamu. Tukamweleza. Akasema ni picha moja tu. Tukamweleza tena. Akaenda mwenyewe kwenye nyasi akamshika Muigai mkono, na nia yake ilikuwa nzuri, simlaumu. Muigai aliona nakaribia kuonekana, akaruka ua wa jirani, ua wa seng'enge, na ile suruali aliyoshonesha kwa ajili ya ukaguzi ikabaki nusu huku nusu kule. Mimi nilijitupia leso kichwani nikaingia bandani nikajifungia na kifaa. Nilikaa humo saa nzima nikihesabu chembe kwa mkono, na naomba hesabu hiyo iingizwe kwenye faili letu, ni mia nne na kumi na mbili. Badala yake ripoti inasema: "Washirika walikimbiana." Hatukukimbiana. Tulipishana.

4. Fomu ya mwisho ilitaka kila mshirika atie sahihi "mbele ya mwenzake". Tulifanya hivyo. Yeye alitia sahihi barabarani, mimi dirishani, kwa wakati mmoja, Edinah akipunga taulo ili tuanze pamoja. Kwa umbali ule hata sikujua ni Muigai au ni mtu wa kusoma mita za maji. Lakini nilikuwa mbele yake na yeye alikuwa mbele yangu. Mmeandika "sahihi zina mashaka". Yangu ilitikisika kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye ndoo.

5. Kile kifungu cha chakula cha mchana cha pamoja "ili kujenga umoja wa timu" naomba mkifute kabisa. Mwanamke wa umri wangu atafune paja la kuku mbele ya mume wa binti yake ili apate kihisi? Hapana, bana.

6. Mmesema mawasiliano yetu ni ya polepole. Hapa nitakubali kidogo, kwa sababu mimi ni Mkristo. Tunaandikiana kwa simu, maana Festus Mukhwana amesema ujumbe wa maandishi hauna uso. Na Muigai ni mtu mwenye adabu sana. Mwezi wa tatu aliniandikia ujumbe akanisalimia, akauliza mvua, akauliza mguu wangu, akauliza ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, akanitakia baraka za wiki nzima, akanukuu mstari kutoka Zaburi, na mwisho kabisa, mstari wa kumi na tisa, akaandika: "Pia Mama tafadhali chomoa waya mwekundu sasa hivi, utaungua." Nilikuwa bado kwenye mstari wa mvua nilipoona moshi. Lakini hilo ni kosa la adabu kuzidi. Kati ya makosa yote ambayo watu wa sayansi hufanya, ni wangapi mmewahi kuwanyima pesa kwa kosa hilo?

7. Sasa tuje kwenye sayansi yenyewe, kwa sababu inaonekana Kamati imeisahau. Vifaa viwili vya kunasa chembe vina faida gani? Faida ni kwamba kimoja hakijui kingine kinasema nini. Cha Bungoma kikisema chembe zimepungua, inawezekana ni unyevu, au panya amekula waya. Lakini cha Kitale nacho, bila kuulizwa, bila kuambiwa, kikisema vile vile saa ile ile, basi ni jua limesema. Mashahidi wawili waliokaa meza moja wakanywa chai kabla ya kesi, hakimu yeyote anawatupa nje. Sasa angalia wenzetu mliowapa pesa. Wanakaa pamoja. Wanakula pamoja. Wanacheka pamoja. Wanabadilishana takwimu kama wanafunzi nyuma ya darasa, na mimi nimesimamia mitihani miaka thelathini na mmoja, najua wanachofanya. Mimi na Muigai hatuwezi kuibiana majibu hata tukitaka. Mila hairuhusu. Sisi ndio washirika safi kuliko wote waliowahi kuwaandikia, na mmetunyima kwa sababu ya usafi wetu.

8. Kwa sababu hiyo sitaomba tu mturudishie nafasi yetu. Naomba mbadilishe kanuni. Kuanzia mwaka ujao, ombi lolote la utafiti wa pamoja lisipokelewe mpaka washirika wathibitishe kwa kiapo kwamba hawawezi kuwa chumba kimoja. Wale ambao kabila lao halina mila hii wasibaguliwe, wapewe wakwe. Jambo hili ni rahisi. Mfuko wenu wa ufadhili uwe na ofisi ndogo ya posa, ukimweka mtu mwenye busara hapo, mimi niko tayari, na mtafiti yeyote ambaye hajaoa apelekwe kwa mtafiti mwenye binti. Mahari yaandikwe kwenye bajeti chini ya vifaa vya kudumu, kwa sababu ng'ombe anadumu kuliko kompyuta. Nasikia huko Ulaya kuna maabara moja yenye maelfu ya watafiti, wote wanapanga foleni kantini moja. Sishangai inawachukua miaka mingi kupata chembe moja! Wakiniandikia nitawapangia: nusu wawe mama wakwe, nusu wawe wakwe, upande mmoja wa mlima na upande mwingine, na katikati wakae akina Edinah wenye taulo. Nawahakikishia kabla ya mavuno mawili watakuwa wamezinasa zote, hata zile ambazo bado hazijapewa jina.

Na kama Kamati yenyewe ingependa kutoa mfano mwema, naomba nyinyi nanyi muache kukutana.

Nimemaliza malalamiko. Sasa nakuomba, si kwa hasira tena. Nina umri wa miaka sitini na nne. Sina nafasi nyingine ya kungoja Mfuko mwingine. Muigai ameacha kazi za watu zikae dukani, redio zao zimejaa vumbi, wateja wanamtukana, kwa sababu anaamini kwamba mama ya mke wake si mwendawazimu. Kijana huyo naona aibu kumwangusha. Tarehe thelathini ikifika vile vihisi vikaingia kwenye boksi, sijui nitamtumia ujumbe gani, na sijui atanijibu kwa mistari mingapi.

Nifikishie salamu kwa Rosaline, karani wako, aliyetupigia chapa barua ya kukataa bila kosa hata moja. Angalau hilo lilinifariji. Wasalimie watathmini wote wawili, kila mmoja kwake. Msalimie Bwana Kipruto na umwambie lensi ya kamera yake iliyoanguka siku ya ukaguzi jirani ameiokota. Wasalimie nyumbani, watoto, na mama mkwe wako kama bado yuko hai, na ukimsalimia simama mbali.

Nabaki kuwa mwombaji wenu asiyechoka, mwenye kifaa kinacholia "ti" hata sasa ninapoandika,

Phelista Nekoye,
Mshirika Mkuu (Bungoma).

Nakala: Muigai, Mshirika Mkuu (Kitale), kupitia kwa mke wake.

N.B. Jumatano, saa kumi alasiri. Mheshimiwa, barua hii ilikuwa bado haijafungwa, na sasa naona haya kuituma, lakini naituma.

Jana saa nane mchana kifaa changu kilianza kuhesabu kidogo. Nikasema kimeingia maji. Nikakifungua, kikavu. Nikasema ni panya, hakuna panya. Hesabu inashuka tu. Niliona aibu, nikajiambia nimekiharibu mwenyewe wakati bado kina siku tisa za kukaa kwangu, na sikumwambia mtu. Sikulala. Leo adhuhuri niko verandani na karatasi yangu ya mchoro wa hesabu mezani, nimeishikilia kwa kikombe isipeperuke, nikaona mtu getini ameshika karatasi. Alikuwa Muigai. Naye kifaa chake kimeanza kushuka, naye amedhani ameua kihisi cha watu, naye ameona aibu hata kumwambia Edinah. Amepanda pikipiki kutoka Kitale ili aiache ile karatasi kwa jirani arudi. Lakini geti lilikuwa wazi, na kutoka pale getini aliuona mchoro wangu.

Hakuuliza mvua. Hakuuliza mguu. Alikuja moja kwa moja mpaka mezani, mimi sikukimbia, akaweka yake juu ya yangu, tukaziinua juani ili mwanga upite, na mstari ulikuwa mmoja. Saa ile ile, Mheshimiwa! Umeshuka pamoja na unapanda pamoja. Nilipiga kigelegele. Nilimshika mabega nikamtikisa. Yeye alinikumbatia akaninyanyua kutoka chini, mimi na uzito wangu huu. Tumebishana saa mbili kuhusu kosa la dakika tatu kati ya saa yangu na yake, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na kama tungekuwa tumeketi pamoja miaka hii yote tungelijua mwaka juzi. Tumekula kuku kutoka sufuria moja. Edinah alipiga simu kuuliza kama nimemwona mumewe, nikamwambia yuko jikoni kwangu anapuliza moto, na simu ikakatika.

Miaka sita nilikuwa sijui kwamba Muigai anavaa miwani. Sijui alidhani mimi ni mtu wa namna gani; amesema alidhani mimi ni mrefu.

Kwa hivyo tafadhali futa namba ya kwanza hadi ya nane. Futa na ile ofisi ya posa. Bwana Kipruto alikuwa na haki na nyinyi mlikuwa na haki, watu wanaofanya kazi pamoja wanapaswa kuonana. Festus Mukhwana ameshapata habari, sijui kutoka kwa nani, na anasema ukoo utanitoza mbuzi. Nitamtoa, na nitamtoa mnono. Mkitukataa tena, vihisi vitarudi chuoni tarehe thelathini, nasi tutaenda kuvirudisha pamoja tukibishana njia nzima. Lakini msitukatae.

Siwezi kuandika zaidi. Muigai amewasha pikipiki kunipeleka posta kabla haijafungwa, na anapiga honi, hana adabu kabisa huyu kijana.